Kupima ugonjwa wa chuma huku Ireland: kifurushi cha posta au damu ya kliniki?

Haya nawaandikia wenzangu mlioolewa, mlioa au mliozaa na Waairishi, hasa ambao tangazo la "jipime jeni zako nyumbani" limeshaanza kuwaandama kila mkifungua simu. Nimelipia njia zote mbili kwa ajili ya ukoo wa mume wangu hapa Galway. Mwenye haraka achukue hukumu yangu sasa hivi aende zake: ya posta nyota mbili, ya kliniki nyota nne. Ile ya tano nimeizuia kwa makusudi, sababu iko chini.

Mambo yalianzia kwa shemeji yangu mkubwa, fundi wa mapaa, hajatimiza hamsini. Miaka nenda miaka rudi analalamikia vidole. Tena si vyote, ni viwili tu, cha shahada na cha kati, pale kwenye fundo la ngumi. Akaambiwa ni kazi, akaambiwa ni baridi, na uchovu nao ukaitwa umri. Siku moja daktari wake hayupo, akaonwa na wa zamu. Yule daktari akamshika mkono, akaviminya vile viungo viwili, akamuuliza kwao ni watu wa wapi, kisha akaagiza damu ipimwe chuma. Feritini, kipimo cha chuma kilichowekwa akiba mwilini, ikarudi imepita 2,000. Jeni ikapimwa, ikatoka C282Y, ile kasoro ya jeni inayoleta ugonjwa huu, mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hospitali ikampa barua ya kuwapelekea ndugu zake: nendeni mkapimwe.

Ugonjwa unaitwa hemokromatosisi. Mwili wa binadamu hauna njia ya maana ya kutoa chuma kikishaingia. Unachoweza ni kuzuia kisiingie. Kazi hiyo inasimamiwa na ini, linatoa homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini ndiyo inayouamrisha utumbo usipitishe zaidi ya haja. Mwenye C282Y mbili hepsidini yake ni haba, kwa hivyo utumbo unapitisha tu, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mtu mzima huwa na gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima. Aliyeachwa bila kutibiwa anaweza kufika 20 na kuendelea, na chuma hicho kinakwenda kukaa kwenye ini, kongosho, moyo na viungo. Unakuja kusikia mtu ana kisukari, ini limekakamaa, ngozi imegeuka rangi ya shaba, na kila kitu kimetibiwa peke yake kana kwamba hayajuani. Hapa Ireland mtu mmoja katika kila 83 ana hizo jeni mbili, na mmoja katika kila watano anabeba moja. Hakuna nchi inayojulikana kuizidi. Magazeti yao yanauita laana ya Wakelti.

Basi, kifurushi.

Wifi yangu ndiye aliyeleta tangazo. Sindano hazipatani naye, kwa hivyo aliposoma "bila damu, bila foleni, bila daktari" akaona Mungu amemsikia. Tukaagiza viwili, chake na cha baba watoto, euro 109 kila kimoja, na gharama ya kurudishia ikiwa humo humo. Kampuni siitaji. Ziko nyingi, na zinafanana mpaka rangi za maboksi.

Lilikuja boksi zuri kushinda la simu mpya. Ndani mna vijiti viwili vya pamba, kichupa chenye majimaji, maelekezo ya picha na bahasha iliyokwisha andikwa anwani. Unakaa nusu saa hujala wala hujanywa, unasugua ndani ya shavu huku unakizungusha kijiti, unakitumbukiza, unavunja mpini pale palipotiwa alama, unafunga. Mtoto wa darasa la tano hashindwi. Wangekuwa wanauza kusugua shavu tu, ningewapa nyota zote.

Jibu likaja baada ya wiki kadhaa, kwa barua pepe, Ijumaa jioni. Faili la kurasa tele, nyingi picha za kromosomu zinazong'aa. La baba watoto: C282Y mbili, na fremu nyekundu, HATARI KUBWA. La wifi: C282Y moja na H63D moja (kasoro nyingine ya jeni hiyo hiyo, nyepesi zaidi), fremu nyekundu ile ile, HATARI YA KATI. Ukishuka chini kutafuta nambari ya kumpigia mtu, hukuti. Unakuta kiungo cha kununua vidonge vya "kusaidia ini", na kisanduku cha kuridhia sampuli yako itumiwe kwenye utafiti, kimeandikwa kwa herufi za kutafutia miwani.

Wifi alilia Jumamosi nzima. Wikendi daktari hapatikani, na wao wanajua hivyo. Kumbe mchanganyiko wake, C282Y moja na H63D moja, peke yake ni nadra kumjazia mtu chuma cha kumdhuru. Wanaofika huko mara nyingi wana na jambo jingine, pombe au mafuta kwenye ini. Sentensi moja kama hiyo ingempa usingizi. Kurasa zote zile, haimo.

Na hata lingekuja jibu la heshima, bado kijiti cha pamba hakipimi chuma. Kinasoma jeni uliyozaliwa nayo, basi. Hakijui kama chuma chako kimeanza kujaa, kimejaa zamani, au hakitajaa maisha. Na hilo si jambo dogo, maana kuwa na jeni si kuwa na ugonjwa. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu wenye C282Y mbili na kutoa matokeo mwaka 2008: kwa wanaume, 28.4% walikuwa na maradhi yaliyotokana na chuma kuzidi. Kwa wanawake, 1.2%. Sisi wanawake hedhi na uzazi vinatupunguzia chuma bila kuombwa, na wengi wetu mambo huanza kubadilika baada ya hedhi kukoma. Sasa niambie, fremu nyekundu moja kwa mwanamume wa miaka 41 na dada yake anayeona hedhi kila mwezi, inamwambia nani nini?

Jumatatu nikapiga simu kliniki. Mpokezi aliposikia "ndugu yake amekutwa na hemokromatosisi" hakuuliza zaidi, akampa baba watoto nafasi ya asubuhi na kumwambia aje hajala. Alilipa euro 60 za kumwona daktari na 30 za damu. Wifi ana kadi ya matibabu ya serikali, hakulipa kitu. Muuguzi, dada wa Kerala mwenye mkono mwepesi, akajaza mirija miwili, mmoja wenye kizibo cha dhahabu na mwingine cha zambarau, akaweka pamba, akasema haya nenda kanywe chai. Hata wifi alikiri kwamba aliogopa zaidi barua pepe kuliko sindano.

Majibu ya kliniki yalikuwa karatasi moja. Ndiyo hiyo nataka muielewe, kwa sababu mtu akishajua kuisoma hadanganyiki na boksi lolote. Kuna mistari miwili ya maana. Wa kwanza ni feritini, ghala la chuma mwilini. Kwa mwanamume, ikipita 300 daktari anaanza kuuliza. Kwa mwanamke, 200. Ya baba watoto ilikuwa 912. Lakini feritini ina kigeugeu: uvimbe wowote mwilini unaipandisha, pombe inaipandisha, ini lenye mafuta linaipandisha. Ndiyo maana kuna mstari wa pili, ujazo wa transferini. Transferini ni protini inayobeba chuma ndani ya damu, na asilimia ile inakueleza ni viti vingapi vimekaliwa. Matatu ya Bamburi ikiwa na abiria nusu ya viti, hakuna wa kuning'inia mlangoni. Ikipita 45% daktari anasimama. Yake ilikuwa 81%. Huyo konda keshaanza kubeba watu kwenye ngazi.

Ya wifi: feritini 64, ujazo 38%. Mzima kama samli. Daktari akamwambia arudie baada ya miaka kadhaa, asinunue vidonge vyovyote vya ini, na akaongeza kwa upole kwamba mvinyo wa kila jioni ungemtia wasiwasi kuliko jeni zake. Hilo kifurushi cha euro 109 kisingethubutu kumwambia mteja.

Kisha daktari akaagiza jeni upya, damu ile ile ya kizibo cha zambarau, kwenye maabara ya hospitali. Nikamwonyesha faili letu la kurasa nyingi. Akalitazama, akatabasamu, akasema hospitali haiwezi kumtibu mtu kwa karatasi ya kampuni ya posta. Majibu yakatoka yale yale, C282Y mbili. Hatukutozwa, kwa kuwa kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa na chuma chenyewe kiko juu. Kwa hivyo euro 218 za vifurushi viwili zilitununulia jambo ambalo tulipewa bure baadaye, pamoja na Jumamosi ya machozi.

Matibabu ni kitu cha kale, na mimi kilinichekesha nilipoelezwa mara ya kwanza: wanakutoa damu. Hakuna dawa, hakuna chakula cha ajabu. Kila mfuko wa takriban mililita 500 unaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili ukitaka kutengeneza damu nyingine unalazimika kuchota kwenye ghala. Mwanzo ni kila wiki, au kadiri mtu anavyostahimili, mpaka feritini ishuke karibu na 50. Baada ya hapo mara chache kwa mwaka, maisha yote. Mfuko unalazwa kwenye kimashine kinachoutikisa taratibu huku kikiupima uzito. Ukitimia kinalia, muuguzi anabana mrija. Baba watoto anasoma gazeti. Ukimaliza unapewa maji na biskuti, unakaa kidogo usije ukaanguka kwenye maegesho.

Kwa pesa: zamani hospitali za umma zilitoza euro 80 kwa siku ya kuhudumiwa, na kwa mtu wa kila wiki hiyo ilikuwa kodi ya nyumba. Ada hiyo iliondolewa Aprili 2023. Feritini ikishatulia, wengi wanaruhusiwa kwenda kwenye Huduma ya Taifa ya Damu, ambako wanatolewa kama wachangiaji wengine na damu yao inawafaa wagonjwa, maana haina kasoro yoyote. Kilichozidi ni chuma, na hicho kiko kwenye ghala lake, si kwenye mfuko.

Masharti ya mlo ni mepesi kuliko nilivyotarajia. Asimeze vidonge vya chuma wala vya vitamini C, apunguze pombe, na chai nzito pamoja na chakula haina ubaya, inapunguza chuma kinachoingia. Hapo nikashangilia, chai yangu ya rangi hatimaye imepata cheti. Katazo lenye uchungu ni moja: chaza wabichi. Kuna bakteria wa baharini, Vibrio vulnificus, anayestawi kwenye damu yenye chuma kingi, na kwa mtu wa namna hii anaweza kuua. Sasa mwambie hivyo mtu wa Galway mwezi wa Septemba, wakati wa tamasha la chaza, mji mzima unawafyonza na ndimu! Mimi huwa nampikia baba watoto chaza kwa namna ya kwetu, wameiva kabisa, na nazi. Anakula akinung'unika.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu kliniki hii nzuri haimwiti mtu. Lazima uje wewe, na uje na maneno. Bavyaa alikufa kwa ini miaka mingi iliyopita, mtu asiyegusa pombe, na hakuna aliyempima chuma. Shemeji ameingia kliniki hiyo hiyo kwa vidole vyake mara nyingi, damu ikatolewa ya lehemu, ya sukari, ya tezi. Chuma hapana. Nchi ina mmoja katika 83 na haina mpango wa taifa wa kuwapima watu wote. Imeachia ukoo wenyewe uambizane, na nyinyi mnazijua koo zilivyo na siri.

Wanaopinga kupima kila mtu wana hoja, sitawadhulumu. Jopo la Marekani linaloshauri juu ya upimaji wa kinga lilikataa mwaka 2006 watu wasio na dalili wapimwe jeni hii kwa jumla, kwa kuwa wengi wenye nayo hawaugui, na utawatia hofu watu wazima bure. Wifi yangu ni shahidi wa hofu hiyo. Lakini Melbourne walijaribu njia nyingine. Waliwafuata watu makazini, wakawaeleza kwanza kwa mdomo, ndipo wakasugua mashavu yao. Zaidi ya watu 11,000 walipimwa, na matokeo yakachapishwa 2005: walipatikana karibu 50 wenye C282Y mbili, wengi hawakuwa wakijua, na karibu wote walichukua hatua. Kijiti kile kile cha pamba! Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuwaeleza kabla na mtu wa kuwapokea baada. Ndipo penye gharama, na ndipo kampuni ya posta inapobana matumizi.

Mimi ningeulizwa ushauri, nisingeanza na jeni kabisa. Mwanamume wa Kiairishi akishapita miaka 30 na damu yake inatolewa kwa lolote lile, ongezeni mistari ile miwili kwenye fomu. Mrija umeshajaa, muuguzi ameshalipwa. Atakayekutwa juu ya 45% apimwe tena, kisha ndipo jeni.

Sasa nyinyi mnaotaka kumtumia mama kifurushi Mombasa, tafadhali hifadhi pesa yako. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada wa karibu watu 100,000, uliotangazwa 2005, ulikuta C282Y mbili kwa 0.44% ya Wazungu na 0.014% ya watu weusi. Kiko chuma kilichozidi Afrika, hasa kusini, kilichojulikana kwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye mapipa ya chuma, na hicho kifurushi hakikipimi. Wagonjwa wa selimundu wanaoongezwa damu mara kwa mara nao hujaa chuma, kwa njia nyingine kabisa, na daktari wao anajua. Kwetu tatizo la kawaida ni kinyume: damu kupungua. Nisije nikasikia binti mjamzito ameacha vidonge vyake vya damu kwa kuwa amesoma habari za wakwe zangu.

Watoto je? Hili nimeulizwa na kila niliyemsimulia. Baba mwenye jeni mbili lazima ampe kila mtoto moja, hakuna bahati nasibu. Swali ni kama mimi ninayo. Nilikwenda tayari kuwashika wale wawili wadungwe, daktari akasema hapana, kaa wewe. Tukipima mama hana, watoto wamejibiwa wote kwa sindano moja: ni wabebaji, hawataugua kwa C282Y. Nikapimwa, sina. Kampuni ya posta, kwa habari yako, ina punguzo la "kifurushi cha familia" cha watu wanne.

Amebaki mavyaa, ambaye kwa hesabu hiyo hiyo ana angalau moja. Amekubali kupimwa kwa sharti kwamba mimi ndiye nitakayepiga simu kliniki. Nanyi mkipiga, msianze na uchovu, kila mtu Ireland amechoka. Semeni kuna hemokromatosisi kwenye familia, tunaomba feritini na ujazo wa transferini, vyote viwili pamoja, na tunaomba nakala ya karatasi ya majibu.